Maji Yaliyokatazwa Kumwagwa

Baba mkwe wangu hakunipenda, nami sikumpenda, na hatukufichana. Yeye alikuwa mtu wa Mgogoni, wazee wake wote wamezikwa hapo hapo, ana mikarafuu yake na pikapu ya buluu aliyokuwa akiikosha kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Mimi nilitoka Makangale, kule mwisho wa kaskazini, kando ya msitu wa Ngezi. Babu yangu alikuja Pemba kutoka bara kufanya kazi za mashamba, akaoa, akazaa, akafa na kuzikwa hapo, lakini kwa baba mkwe hayo hayakutosha. Mbele za watu aliniita "fundi". Tukiwa wawili hakuniita kitu.

Kazi yangu ilikuwa gereji, kibanda cha mabati pale Madungu. Miaka hiyo umeme wa Pemba ulikuwa bado unatoka kwenye majenereta na unakatika unavyotaka, na vipuri vilikuja na meli kutoka Unguja au havikuja kabisa. Nilikuwa fundi mzuri. Naandika hivyo bila haya, maana hata yeye, pamoja na chuki yake, alikuwa akiniletea gari lake. Alileta huku kakunja uso, kama mtu aliyelazimishwa kula kiporo.

Mke wangu alipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza alikwenda kwao kujifungua, kama ilivyo ada yetu, akae huko hadi arubaini zake ziishe ndipo arudi. Ila alikwenda miezi miwili kabla ya wakati, na alikwenda amenuna. Tuligombana kwa ajili ya kanga. Alikuwa na doti yake ya harusi, nyekundu yenye maua meusi, aliyonunuliwa na baba yake, na siku moja kipande kimoja kikatoweka kwenye kamba. Akaniuliza kama nimekichukua kufanya matambara. Alivyouliza kuliniudhi, mkono kiunoni, mbele ya jirani. Nikaapa. Nikasema wallahi sijakigusa, na nikaongeza kuwa mwanamke anayemdhania mumewe wizi wa kanga hana adabu. Na nilikuwa nimekichukua. Nilikichana asubuhi ile ile gereji, kwa sababu sikuwa na kitambaa cha kufutia oili na ile ilikuwa pamba safi.

Wiki hiyo hiyo baba mkwe alikuwa ameleta pikapu, mpira wa chini wa rejeta umepasuka. Mpira ule ndio unaopitisha maji yaliyopoa kutoka kwenye rejeta kurudi kwenye injini. Nilihangaika siku mbili kuutafuta, Chake hadi Wete, na huku nyuma niliziba midomo ya rejeta, kwa sababu nyigu wa Madungu wakiona tundu hawalali, wanajenga nyumba ya udongo humo. Nikaupata, nikaufunga, nikatia maji. Baba mkwe alipokuja kulichukua, nilipiga kofi boneti nikasema, "Gari zuri hili." Nikasema hivyo tu. Aliniangalia vibaya, akaondoka, na mimi nikasahau.

Tangu hapo mshale wa joto ukawa unapanda. Kila akipakia na kukuta mlima, mshale unakwenda kwenye nyekundu. Akishuka bondeni unarudi. Alianza kwa kuwaambia watu wa Mgogoni kuwa gari lake limeharibiwa na mkwewe. Akamaliza kwa kuja mwenyewe Madungu, mtoto wetu ana siku ishirini na nne, akasimama mlangoni mwa gereji bila ya kuingia.

"Gari limeharibika mkononi mwako," alisema. "Likipona kabla ya arubaini, n'tamleta mwanangu mwenyewe, na mjukuu. Lisipopona, mwanangu habanduki kwao, na mie na weye tutaitana mbele ya shehe. Mtu asoweza kupoza gari hapewi damu ya mtu."

Nilijua kuitana mbele ya shehe maana yake ni talaka. Nikamuuliza mzee, mke wangu mwenyewe anasemaje. Akasema mke wangu hajasema neno. Hilo ndilo lililonitia baridi, kwa sababu mke wangu akiwa upande wangu huwa anasema sana.

Na hakuniachia gari. Alitaka nilitengeneze kwake Mgogoni, uani, mbele ya macho yake. Nikawa nakwenda kila baada ya adhuhuri na mfuko wangu wa spana. Yeye anatoa kiti, anakaa hatua tatu kutoka kwenye boneti, tasbihi mkononi, na anatazama. Mke wangu yuko ndani na mtoto. Nilikuwa nikipewa mtoto dakika chache kupitia mlangoni, mikono yangu imeshakoshwa na kukaguliwa, kisha anachukuliwa. Sijapata kufanya kazi kwa hasira namna ile.

Siku ya kwanza nilitaka kuanza inavyotakiwa, kumwaga maji ya rejeta niyaone hali yake, nifungue thamostati, kile kilango kinachopitisha maji yakipata moto, niichemshe kwenye sufuria nione kama inafunguka. Nilipoinama tu kutafuta kibomba cha chini, tasbihi ikanyamaza.

"Maji usimwage."

Nikamwambia lazima niyamwage. Akasema nifanye kila kitu, nifungue nitakacho, lakini maji yaliyomo humo hayamwagwi, hata tone. Nikamuuliza kwa nini. Akarudi kwenye tasbihi yake. Mtu hambani mkwewe kwa maswali, mnajua wenyewe. Mkwe akisema hapana, unaitikia naam na unameza. Nikameza. Lakini fikirini jambo lenyewe. Thamostati haitoki bila maji kumwagika. Mpira haufunguki bila maji kumwagika. Mtu ananipa gari linalochemka, ananipa siku za kuhesabu, na ananikataza kugusa maji. Nikaona wazi ananifunga mikono makusudi ili nishindwe, abaki na binti yake kwa sababu yenye sura nzuri.

Basi nikawa natibu kwa kupapasa. Nilitazama mkanda wa feni, umekaza. Feni inazunguka. Nilichomoa kijiti cha oili kutazama kama imeingia maji ikawa nyeupe, safi. Niliwasha injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, nitazame mapovu yanayoonyesha gasketi ya hedi, kile kichwa cha injini, imekufa, hakuna. Nilishuku hata mshale wenyewe kuwa unadanganya, nikamwaga matone ya maji ya mtungini juu ya hedi tuliporudi kutoka mlimani. Yalikauka papo hapo. Mshale ulikuwa unasema kweli.

Kulikuwa na mambo mawili yaliyonichanganya. La kwanza ni kwamba pale uani gari halikuwa na ugonjwa wowote. Unaliwasha saa nzima, mshale uko katikati, umetulia. Ukilipeleka mlimani na magunia linachemka. Tulikuwa tukienda kulijaribu, yeye kwenye usukani, mimi ananipakia nyuma na magunia, ingawa kiti cha mbele kilikuwa kitupu. La pili ni harufu. Likichemka, mvuke wake ulikuwa na harufu tamu. Maji ya kulanti, ile dawa ya kupozea injini, yakivuja huwa na utamu fulani, na fundi akiusikia huanza kutafuta panapovuja. Lakini gari hili halikuwahi kutiwa kulanti, ni maji ya kisima tu. Nilitafuta mvujo ule siku nne nzima, kwa kurunzi, kwa vidole. Hakuna hata unyevu.

Kila jioni aliniuliza nimeona nini, na kila jioni nilisema bado. Hapo anageuka upande wa dirisha la chumba alicholala mke wangu, anasema kwa sauti ya kutosha kwamba fundi wa kweli hutafuta maradhi bila ya kumpasua mgonjwa. Sikuwa na hamu ya kumjibu. Nilikuwa na hamu ya kumpiga spana, Mungu anisamehe.

Siku ya thelathini na nne nikapata. Nilikuwa nimesimama mbele ya injini, nikavuta waya wa aksileta kwa mkono wangu na kuishikilia injini ikinguruma, kama inavyofanya mlimani. Na nikautazama mpira wa chini, ule niliofunga mwenyewe. Ulinywea. Ulibonyea kuelekea ndani kama mashavu ya mtu anayefyonza embe. Nikaachia, ukajaa tena. Nikavuta, ukanywea.

Kwa fundi hilo halina mjadala. Pampu inavuta maji na rejeta haitoi. Pale uani injini inavuta taratibu, kinachopita kinatosha. Mlimani inavuta kwa nguvu, pale penye kizuizi panaziba, injini inakaa na kiu na kuchemka. Rejeta imeziba sehemu ya chini, na hakuna dawa nyingine isipokuwa kufungua na kumwaga.

Nilimwonyesha. Nilivuta waya mbele yake mara tatu, na aliona, maana hakuwa mjinga. Kisha akasema maji hayamwagwi. Nikamwambia kwa siku zinazobaki gari likipandishwa mlimani hedi itapinda, na hedi ikipinda hakuna fundi Pemba nzima wa kuinyoosha. Akasema, basi nimeshindwa, niseme tu. Akanyanyuka kwenda kuswali alasiri.

Nilibaki peke yangu uani. Injini ilikuwa imepoa. Nikafungua mfuniko wa rejeta na safari hii sikutafuta mapovu, niliyatazama maji yenyewe. Mwanzo nilikuwa nimeyaona ya manjano nikadhani ni kutu. Nilitumbukiza kidole nikanusa. Ilikuwa harufu ya marashi ya mawaridi. Na ile rangi haikuwa kutu, ilikuwa zafarani. Nikajua. Lilikuwa kombe: aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikakoshwa kwa maji na marashi, mgonjwa akanywa au akaoga. Baba mkwe alilinywesha gari. Na maji yenye maneno ya Mungu hayamwagwi ardhini watu wakayakanyaga, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua.

Nilicheka peke yangu kwa hasira. Halafu nikaenda kwenye mlango wa jikoni, nikasimama kwa pembeni kama ilivyo heshima, nikamwita mama mkwe. Alikuwa mama mpole, tulizungumza kila mmoja akitazama upande wake. Nikamuuliza gari limetiwa kombe la nini. Akasema gari liliingiwa na jicho. Nikamuuliza jicho la nani.

"Lako, mwanangu," alisema.

Akanieleza kwa taabu. Siku ile Madungu nililipiga kofi boneti, nikasema gari zuri, na sikutamka mashaallah. Mzee alikuja na maneno hayo nyumbani kabla hajavua viatu. Gari lilipoanza kuchemka wiki ile ile, kwake yeye hapakuwa na la kuchunguza tena. Akaenda kwa shehe, na shehe akaandika. Kwa hiyo siku kumi zile nilizoinamia gari lile, nalinusa, nalipapasa, lilikuwa limekingwa dhidi yangu. Yeye kwenye kiti chake alikuwa haangalii kazi yangu, alikuwa analinda gari lisipatwe na macho yangu.

Iliniuma. Nisingependa kuandika kwamba iliniuma, lakini iliniuma. Aliporudi kutoka msikitini nilimngojea katikati ya uwanja na niliweka ada za ukwe pembeni. Nilimwambia najua kilichomo ndani ya rejeta na najua kimetiwa dhidi ya nani. Nikamwambia maji yale yatatoka leo, yatatoka kwa adabu zote, kwenye beseni safi, na yatamwagwa chini ya mkarafuu pasipopita mguu wa mtu, na beseni atalishika yeye mwenyewe ili jicho langu lisilifikie. Nikamwambia nikifungua nisikute kitu, nitaondoka Mgogoni kwa miguu, nitatoa talaka bila ya kuitwa na shehe yeyote. Nilisema kwa sauti. Nilitaka mke wangu asikie, na alisikia, maana alitoka akasimama kizingitini na mtoto begani. Hakunizuia.

Nitasema na lingine, kwa kuwa naandika ukweli. Nilikuwa nikitamani nikute matope ya zafarani. Nilitamani yule mzee aone kwa macho yake kuwa dawa aliyotia kwa kunidhania mimi ndiyo iliyoziba gari lake. Nilishayapanga na maneno ya kumwambia.

Alikwenda kutia udhu upya. Akarudi na beseni jeupe la mkewe, akachuchumaa akalishika chini ya rejeta kwa mikono miwili. Nilifungua klipu ya mpira wa chini na kuuchomoa. Maji yalitoka, ya manjano, safi, hayana tope hata chembe, yananukia uwanja mzima. Halafu yakapungua yakawa matone, na rejeta bado imejaa. Kitu kilikuwa kimekaa mdomoni. Niliingiza vidole viwili nikakishika, nikavuta. Kikatoka taratibu, kirefu, na nyuma yake maji yakafoka yakajaza beseni mpaka ukingoni.

Kilikuwa kitambaa. Chekundu, maua meusi, kimekunjwa kama mtu anavyokikunja kitambaa akitaka kuzibia kitu.

Niliwazibia nyigu, nikasahau.

Baba mkwe alikiona kabla sijapata kukificha. Alikijua, maana kanga ile aliichagua yeye. Lakini hakuweza kufanya lolote. Alikuwa amejaziwa beseni la kombe hadi juu, hawezi kuliweka chini, hawezi kulitikisa, hawezi hata kuninyooshea kidole. Alisimama nalo pole pole, uso umemwiva, akanitazama mimi, akamtazama binti yake. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana.

Mke wangu alishuka kizingitini. Alikuja mpaka mbele yangu, akakichukua kitambaa mkononi mwangu, akakikunjua kwa mkono mmoja, mtoto kwenye mkono wa pili. Ulionekana ule upindo alioushona mwenyewe.

"Uliapa," alisema.

Akaingia ndani nacho.

Baba mkwe alikwenda shambani na beseni lake, anatembea kama mtu aliyebeba mayai, na alikaa huko muda mrefu. Mimi nilifunga mpira, nikatia maji ya kisima, nikawasha, nikavuta waya. Mpira haukunywea. Aliporudi tulilipandisha gari mlimani na magunia yote aliyoyataka. Mshale ulikaa katikati kama uliopigwa msumari. Safari hii alinikalisha mbele.

Tuliporudi alizima injini, akabaki ameshika usukani.

"Nilisema likipona n'tamleta," alisema. "Limepona. Mie si muongo."

Siku ya arubaini alimleta, yeye na mtoto na mabegi na kuku wawili, na pikapu ilipanda vilima vyote hadi Madungu bila ya kuchemka. Watu wa Mgogoni aliwaambia kuwa kombe limelitoa lililokuwa likiliziba gari. Hakunitaja. Nilipata habari nikamchukia zaidi, kwa sababu alikuwa amenisitiri na sikumwomba.

Mke wangu alipanga nguo zake kabatini. Mwisho alitoa kile kitambaa. Hakukikosha. Akachukua msumari, akakitundika ukutani juu ya kitanda, upande ninaolalia mimi. Harufu ya marashi ilikaa kama wiki tatu ikaisha. Doa la oili limebaki mpaka leo, na mtoto yule sasa naye ana watoto. Katika miaka yote hiyo mke wangu hajanikumbushia kwa mdomo hata mara moja. Nikibishana naye jambo na ulimi ukitaka kutamka wallahi, huwa anatazama ukutani, na mimi nanyamaza.